Mjadala: Klabu ya sayansi iendeshwe kwa maoni ya wanafunzi, au mlezi aamue?

Mlezi wa Kanda
Wakuu, naleta hoja. Klabu za sayansi kwenye sekondari zetu za serikali Januari zinafurika, ikifika Agosti wamebaki wachache wanaolenga maonyesho ya Young Scientists Tanzania na kombi za PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Je, ratiba na shughuli za klabu zifuate maoni ya wanafunzi, au mlezi ndiye anayejua?

Mimi nasema waulizwe, ila si kwa lile swali la wiki ya mwisho, "Umeifurahia klabu?" Hapo kila mtoto anajibu ndiyo. Waulizwe wiki ya nne ya muhula, muda wa kurekebisha bado upo, na waulizwe walichofanya. Robo karatasi, maswali matatu: Mara ya mwisho ulishika kifaa kwa mkono wako ilikuwa lini? Kipindi kilichopita ulikaa muda gani bila kazi? Ni nini kilikufanya ukose kuja? Jina lisiwepo. Kidato, jinsia, kutwa au bweni, basi.

Mkuki
Maoni gani? Kidato cha pili hajaelewa kanuni ya Ohm, leo aipangie klabu ratiba? Hawa wanataka udaktari na uhandisi. Wanahitaji kusukumwa, kubembelezwa hakutawafikisha. Na wale wa kutwa ukiwapa hiyo karatasi watajaza neno moja tu: maandazi.

Mama wa Kutwa
Mkuki, hilo neno la mwisho ulirudishe ulikolitoa. Mtoto wa kutwa amekunywa uji saa nne, vipindi vimeisha saa nane na nusu, kuna usafi, klabu inaanza saa tisa hadi kumi na moja, kisha kilomita tano kwa miguu. Akiandika "njaa" amejibu swali la tatu kwa usahihi kabisa. Mwenzake wa bweni amekula makande saa saba na anajua saa kumi na mbili kuna ugali. Halafu mnashangaa kwamba Agosti wamebaki wa bweni peke yao!

Bi Maabara
Mlezi, hilo swali la kifaa ndilo lenye uzito, msiliache lipite. Wanafunzi arobaini, maltimita mbili, vile vifaa vya kupima umeme, nini kinatokea? Wavulana wawili wanashika waya, wasichana wanapewa daftari waandike kwa sababu "mwandiko wao mzuri". Ukiuliza kama wamefurahia, wote wamefurahia. Ukiuliza nani aliunga waya, pengo linaonekana siku hiyo hiyo. Dawa yake si kununua maltimita kumi. Gawa vikundi vya wanne: mmoja anaunga, mmoja anasoma kipimo, mmoja anaandika, mmoja anaeleza. Kila kipindi majukumu yanazunguka, na zamu inaandikwa ubaoni ili asiwepo wa kung'ang'ania waya. Kama vikundi ni kumi na maltimita ni mbili, vikundi vinane viwe na jaribio jingine lisilohitaji umeme: titresheni ya asidi na besi, pendulamu, kupima msongamano wa maji ya chumvi. Wanaosubiri bila kazi ndio watoro wa mwezi ujao.

Onyo moja. Ukiandika kidato na jinsia, na kidato cha tatu kina wasichana wawili tu, karatasi hiyo ina jina tayari. Kundi likiwa chini ya watano, ondoa kidato.

Kijana wa Mtandao
Kwa nini karatasi enzi hizi? Dodoso la mtandaoni la Google Forms ni bure, majibu yanajipanga yenyewe.

Bi Maabara
Simu haziruhusiwi shuleni. Watajazia kwenye kompyuta za maabara wakiwa wamepanga foleni, na mwalimu yuko nyuma yao? Au nyumbani, wenye simu ya mzazi tu? Utapata maoni ya wenye simu.

Mwalimu wa Zamu
Mnasahau mwandiko. Mlezi anayesahihisha daftari za watoto hao wiki nzima anawajua wote kwa mwandiko. Maswali mawili yawe ya kuweka vema, moja tu la kuandika. Boksi la chaki lifungwe kwa gundi, litobolewe juu, likabidhiwe mwalimu wa idara nyingine ambaye hawafundishi, yeye ahesabu. Lile sanduku la maoni la ukutani lenye ufunguo kwa mwalimu wa nidhamu halijawahi kupokea neno la maana, na kila mmoja wetu anajua sababu.

Kiongozi wa Msafara, Nakuru
Niongeze kutoka Kenya. President's Award, tuzo ya vijana yenye madaraja ya Bronze, Silver na Gold, ilianza huku 1966 na vijana wetu wanaipenda. Daraja la Bronze linaanzia miaka 14, na safari yake ni siku mbili na usiku mmoja. Gold ni siku nne, na usiku tatu wa kulala nje. Kijana akisema usiku ni baridi apunguziwe, jibu ni hapana, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachoipa tuzo thamani. Lakini njia ya kupita, uzito wa mizigo, nani anapika, siku ya mazoezi, hayo yote yanabadilishwa kwa maoni yao na msafara unakuwa bora. Kwa hiyo kabla hamjauliza, tengeni kwa maandishi: haya hayapigiwi kura, haya mna sauti. Msipotenga, mtawauliza watoto jambo ambalo jibu lake mmeshaamua, na safari ijayo hawatawajibu.

Mkuki
Mama wa Kutwa, usinifanye adui wa watoto maskini. Nasema klabu si jiko. Mkiingiza chakula mtaingiza michango, na michango imekatazwa tangu elimu bila malipo ya 2016.

Mama wa Kutwa
Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Ada ilikuwa 20,000 kutwa na 70,000 bweni. Mchango wa hiari wa wazazi haujafutwa, una utaratibu wake: wazazi wanakaa, wanakubaliana, muhtasari unaandikwa, kibali kinaombwa halmashauri. Na asiye na uwezo mtoto wake harudishwi nyumbani.

Mkuki
"Wa hiari" kwenye muhtasari. Shuleni jina la asiyelipa linasomwa mstarini.

Mwalimu wa Zamu
Hapo Mkuki ana haki. Ila tusibishane hewani, tupige hesabu. Wanafunzi 40, maandazi mawili kila mmoja, andazi moja shilingi 200, hiyo ni 16,000 kwa kipindi. Wiki 12 ni 192,000. Sukari kilo moja inatosha vikombe 40 kwa gramu 25 kila kikombe. Hapo bado majani na kuni.

Kijana wa Mtandao
Si kuna ruzuku ya uendeshaji? 25,000 kwa kila mwanafunzi.

Mtaaluma
25,000 kwa mwaka, na humo humo kuna vitabu, mitihani, chaki, ukarabati. Mkuu wa shule akiitoa kwa maandazi mkaguzi atamuuliza kasma ipi, yaani fungu lipi la matumizi. Chakula kipite kwa wazazi au kisiwepo. Mnaweza pia kuhamisha klabu: Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa tano, mtoto amekula nyumbani.

Mama wa Kutwa
Jumamosi asubuhi mtoto wa kike yuko kisimani au sokoni na mama yake. Umemuuliza nani kabla ya kupendekeza?

Mtaaluma
Basi aulizwe. Liwe swali la kuchagua moja: Jumatano jioni, Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi. Na wanaoulizwa wawe pia wale walioacha. Daftari la mahudhurio la Februari lipo, majina yapo, wafuatwe darasani na karatasi ile ile. Maoni ya waliobaki yanakwambia kwa nini watu wanabaki. Sababu ya wengine kuondoka hutaipata humo hata ukiyasoma mara kumi.

Mlezi wa Kanda
Wakuu, nimeuliza kuhusu maoni, tumefika kwenye kilo ya sukari. Mwenzetu wa Nakuru amesema jambo zito na hakuna aliyemjibu. Yapi hayapigiwi kura kwenye klabu ya sayansi? Naanza: miwani na koti la maabara, asidi kali haiguswi bila mwalimu, na kila mradi uwe na daftari la vipimo vilivyochukuliwa na wanafunzi wenyewe. Mengine yote yajadiliwe.

Mkuki
Ongeza: mlezi ndiye anayechagua mada za mradi.

Bi Maabara
Hapana! Mada ndiyo ya kwanza kuwaachia. Majaji wa maonyesho wanamsimamisha mtoto mbele ya bango lake na kumuuliza kwa nini alichagua tatizo hili. Aliyepewa mada na mwalimu anakariri, swali la pili linamwangusha. Mlezi abaki na kazi ya kuuliza: utapima nini, kwa kifaa gani, mara ngapi? Mada isiyopimika hufa yenyewe kwa maswali hayo.

Mkuki
Na wakichagua wote kuku na mayai?

Bi Maabara
Kuku wanapimika. Uzito kila wiki, makundi mawili, chakula tofauti. Tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Zamu
Kitu cha mwisho kinachosahaulika: majibu yarudi. Ndani ya wiki moja bandikeni karatasi mlangoni mwa maabara yenye safu tatu. Mlichosema, tulichobadilisha, kilichoshindikana na sababu yake. Kibadilike angalau kitu kimoja kabla ya likizo ya Juni, hata kama ni zamu ya maltimita. Pasipobadilika kitu, dodoso la pili litarudi tupu.

Mkuki
Na andazi unaliweka safu ipi?

Mama wa Kutwa
Ya tatu, pamoja na jina la ofisi iliyokataa.