Genghis Khan: shujaa ama muuaji? Tumegombana Mkunguni hadi kahawa ikapoa

MtuWaMkunguni (Lamu)

Asalaam alaykum ndu zangu. Nataka mtu aliyesoma anijibu, si wa kubahatisha. Jana baada ya isha tuko Mkunguni kama kawaida, muuza kahawa ashapita raundi ya pili, mpwa wangu yuko fom tatu akaanza kutuhadithia mavidio alioona kwa simu ya Genghis Khan, ati huyo ndie mwanamume hasa, babake aliwekewa sumu, ukoo ukamtupa yeye na mamake na ndugu zake nyikani, akaja akawaunganisha Wamongolia wote 1206 na akatawala toka China hadi bahari ya Kaspi. Na posta akaleta, na kila mtu aliachiwa dini yake. Mzee mmoja pale akaweka kikombe chini, ting, akamwambia "huyo ndie aliyevunja Baghdad akamuua khalifa, nawe wamsifu?" Basi ndo yakazuka. Mimi nikasimama na mzee, nikasema kama mzee kakosea nalipia kahawa baraza zima (si kamari, ni kahawa tu msinianze). Sasa nani ana haki?

Kaskazi_na_Kusi

Wa alaykum salaam. Toa pesa ndugu. Baghdad ilivunjwa 1258, na alovunja ni Hulagu, mjukuu wa Genghis. Babu mtu alikufa 1227, ilikuwa ishapita miaka 31 yuko kaburini, na kaburi lenyewe mpaka leo halijulikani liko wapi.

Lakini huyo mpwa wako asirukeruke bado. Miji ya Waislamu ya Bukhara na Samarkand 1220 alovunja ni Genghis mwenyewe, na Merv na Nishapur 1221 ni mwanawe Tolui kwa amri yake. Na ilivyoanza ndo inaniuma zaidi kwa sababu ilianza kwa biashara. Alituma msafara kwa Shah Muhammad, mfalme Muislamu wa Khwarazm iliyokuwa na miji hiyo, watu kama 450 na wengi wao Waislamu, gavana wa Otrar, mji wa mpakani wa Shah, akasema hawa majasusi, akawaua akachukua mali yote. Genghis akatuma wajumbe watatu kudai haki, Shah akamuua mmoja na wale wawili akawanyoa ndevu akawarudisha hivo hivo. Sasa wewe mtu wa pwani wajua mfanyibiashara ni mgeni na mjumbe hauawi. Shah alikosa, hapo hata mimi siwezi kumtetea. Lakini waliolipa ni nani? Si Shah, yeye alikimbia akafia kisiwani huko Kaspi. Waliolipa ni wafinyanzi na wakulima wa Merv ambao hata hizo ndevu hawakuziona.

mwanafunzi_wa_historia

Hapo kwa Merv tuwe makini na hesabu. Wanahistoria wa zama zile, Ibn al-Athir aliandika waliouawa laki saba, Juvayni akaandika zaidi ya milioni moja na laki tatu. Mji gani wa zamani zile ulikuwa na watu milioni? Wanahistoria wengi wa leo wanaona zimetiwa chumvi. Na Wamongolia wenyewe walipenda sifa hizo, ukisikia mji wa jirani umefyekwa wote wewe wafungua lango kabla hujaguswa.

Juvayni pia alikuwa akila mshahara wa Wamongolia, Hulagu alimpa Baghdad aitawale baada ya kuvunjwa. Na bado ni yeye huyo huyo aliyeandika kwamba msikitini Bukhara masanduku ya misahafu yaligeuzwa mahori ya farasi. Mtu anayekula kwao akiandika hivo, basi. Mafundi tu ndio waliokuwa wakitengwa wasiuawe, wakapelekwa Mongolia kufanya kazi kwa nguvu. Hiyo amani ya njiani kijana anayoisifu ni kweli ilikuja, posta pia, farasi wa kubadilisha kila kituo, lakini wapo watu walotangulia kulazwa chini ndio njia ikapita juu yao.

Mti_na_Macho

Mnasahau wajukuu wenyewe walipigana! Berke alikuwa Muislamu, Baghdad ilimkera, na 1262 yeye na Hulagu wakaingia vitani. Ghazan naye, kitukuu cha Hulagu, akasilimu 1295 na akatawala nchi hiyo hiyo ya Hulagu. Sasa hapo ukisema Mongolia adui wa Uislamu wamaanisha yupi?

BintiMalindi

Mimi niwaulize kitu. Kule Mongolia leo uwanja wa ndege una jina lake, noti zina sura yake, na kuna sanamu yake juu ya farasi mita 40. Enzi za Warusi kumsifu ilikuwa hatari, sasa ndo wamejiachia. Twawacheka. Lakini hapa kwetu Malindi mnara wa Vasco da Gama uko pale baharini, na mimi mwenyewe nimempeleka mgeni wiki iliyopita nikampiga picha, akacheka upepo ukimpeperusha kofia.

Huyo huyo 1502 aliichoma meli ya mahujaji wakirudi Makka, wanawake na watoto ndani. Na 1505 Wareno wenzake walipochoma Mombasa, mfalme wa Mombasa alimuandikia wa Malindi kwamba aliporudi hakuthubutu kuingia mjini kwa uvundo wa maiti. Barua ilikuja HAPA, kwa mfalme wetu aliyekuwa rafiki ya Wareno. Sisi twasema alikuwa baharia hodari, alipata rubani kwetu akafika India, na ni kweli alifika. Sasa Mmongolia naye atwambie nini?

Kaskazi_na_Kusi

Bi Malindi umetutia kidole jichoni 😅 lakini mnara si sanamu, ule ni msalaba wa mabaharia tu

BintiMalindi

Msalaba wa nani sasa

MtuWaMkunguni (Lamu)

Nimesoma zote. Leo jioni nimelipa, vikombe kumi na mbili na kashata juu, mpwa wangu akachukua vitatu peke yake. Nikamsomea mzee ile habari ya Hulagu, akanyamaza kidogo, akasema "mjukuu kafunzwa na nani?" Kisha nikamsomea ya Malindi na ile barua, akaniomba simu aisome mwenyewe, akavaa miwani. Bado hajanirudishia.