Kufundisha West Point bila kuwa mhitimu wa West Point: nianzie wapi, na lini?

Daraja_la_Nyali

Wakuu, salaam. Mimi ni kapteni wa uhandisi katika jeshi la nchi kavu la Marekani, niliingia kwa njia ya ROTC (mafunzo ya uofisa ndani ya chuo kikuu cha kiraia), shahada ya kwanza ni uhandisi wa ujenzi. Nakabidhiwa kombania Machi 2027. Baada ya hapo nataka kufundisha West Point, chuo cha maofisa wa jeshi letu, ama hisabati ama uhandisi wenyewe. Je, wasiosoma pale wanachukuliwa? Maombi yanaanza lini? Yanachelewesha umeja? Na darasani kukoje, maana lafudhi yangu ni ya Mombasa kabisa.

Chaki_Nyeupe

Wanachukuliwa, ROTC na OCS (shule ya maofisa ya jeshi) wote. Idara inatazama alama zako za chuo, ripoti zako za utendaji (OER), na kama unaweza kupokelewa uzamili kwenye chuo cha maana. Njia unayoiulizia ni ile ya wakufunzi wa mzunguko: jeshi linakusomesha uzamili, kwa kawaida miaka 2, unafundisha 3, kisha unarudi vikosini.

Watu wanakosea kwa kuanzia HRC, kamandi ya jeshi inayopangia watu vituo. Anza na idara, kwa sababu ndiyo inayokuchagua kwa jina. HRC kazi yake ni kukuachia na kukupatia nafasi ya masomo, na hao hawawezi kukuachia kama hakuna anayekuita.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme unataka kusimama ubaoni Agosti 2030. Masomo yawe yameanza Agosti 2028. Vyuo vingi vinafunga maombi Desemba 2027 au Januari 2028, kwa hiyo GRE, mtihani wa kuingilia uzamili, uwe umeimaliza Septemba 2027 ili ibaki nafasi ya kurudia. Barua ya kwanza kwa idara basi ni mapema 2027, yaani mwezi uleule unaokabidhiwa kombania. Anayengoja amalize ukamanda ndipo aandike, amechelewa mwaka mzima.

Nafasi ya chuo unaitafuta mwenyewe. Jeshi linavigawa vyuo kwa ukubwa wa ada, na zile za ada ya juu ni chache. Chuo cha umma kitakachokutoza ada ya mkazi wa jimbo kitakupunguzia vikwazo. Usithibitishe nafasi kabla idara haijauona mtaala. Kwa shahada yako, uzamili wa hisabati tupu unaweza kukudai masomo ya msingi kwanza, yakakula muhula mzima, na ile miezi 24 hairefuki kwa sababu yako. Ningekuwa wewe ningeandikia kwanza idara ya uhandisi wa ujenzi na mitambo, hisabati ikae ya pili. Kama umefaulu mtihani wa FE (misingi ya uhandisi), uandike juu kabisa. Usiuzike ukurasa wa tatu.

Deni la utumishi ni siku 3 kwa kila siku 1 ya masomo. Miezi 24 inazaa miaka 6, inayoanza kuhesabiwa ukimaliza chuo. Kufundisha miaka 3 kunalipa nusu. Mshahara unaendelea muda wote, na posho ya nyumba inafuata eneo la chuo.

Umeja_Kwanza

Chaki kaeleza vizuri, ila suala la umeja kaliruka.

Ukiwa masomoni hupati OER. Unapata ripoti ya kitaaluma, fomu DA 1059-1, ambayo inasema ulisoma nini na ulifanyaje, lakini haikulinganishi na makapteni wenzako. Bodi ya umeja ikifungua faili lako itakutana na ukimya wa miaka miwili. Kitakachokusemea ni ripoti za ukamanda wa kombania, basi. Kwa hiyo usikubali kuondoka na ripoti moja tu. Ukikabidhiwa Machi 2027, panga na kamanda wa batalioni mapema tarehe za ripoti na tarehe ya kukabidhi, ili uache mbili zilizofungwa kabla ya Agosti 2028. Miezi 15 inatosha ikipangwa. Isipopangwa, ya pili inakuwa ya siku chache, ya kujaza nafasi.

Shida kubwa zaidi iko mbele. Ukitoka West Point tayari ni meja, na wenzako wa mwaka wako wameshapita Fort Leavenworth, ile kozi ya mameja ya miezi 10, na wamekalia viti vya ofisa operesheni au ofisa mtendaji wa batalioni. Wewe ndio kwanza unaanza foleni, na dirisha la kutazamwa kwa uluteni kanali halisogei kukungoja. Hilo litatue na HRC kabla ya kusaini: mwaka wako wa kundi (kundi la maofisa mnaopimwa pamoja kwa vyeo) ni upi, na utakaa kiti hicho lini. Kama jibu halieleweki kwa kalenda, usisaini.

Sisemi ni njia ya kupotea. Jenerali Omar Bradley alifundisha hisabati palepale kuanzia 1920 hadi 1924, na Jenerali Schwarzkopf alifundisha mekanika baada ya uzamili wake kule California. Lakini faili zao zilikuwa na mengine ya kusema.

Chaki_Nyeupe

@Umeja_Kwanza nakubali, isipokuwa hapo kwenye "usisaini". Anayetaka kufundisha kweli anaweza kuamua bei hiyo ni halali. Asiyejua bei ndiye anayelia.

Ubao_wa_Tatu

Nijibu la darasani.

Pale mfumo ni wa Thayer, aliyekuwa mkuu wa chuo 1817 hadi 1833, na mhimili wake haujabadilika: kadeti anasoma somo kabla ya kuja, darasani anatumia alichosoma. Sekisheni ina kadeti wasiozidi kama 18, na mbao zimezunguka kuta. Kipindi kikianza kadeti mmoja anasimama, anapiga saluti na kuripoti waliopo na wasiokuwepo. Unamrudishia, mnaanza.

Kisha unawapeleka ubaoni. Kila mmoja anaandika jina, kilichotolewa, kinachotafutwa, halafu anachora. Chukua boriti ya futi 12 iliyoegemea ncha zote mbili, mzigo wa pauni 600 ukiwa futi 4 kutoka kushoto. Kila ncha inabeba ngapi? Jibu ni 400 kushoto, 200 kulia. Ukizunguka utaona aliyeandika 200 kushoto na 400 kulia: jumla yake ni sahihi, kwa hiyo mwenyewe anajiona amemaliza, kumbe kapima umbali kutoka ncha isiyo yake. Mwingine ana 300 na 300, huyo hakuchukua momenti (nguvu mara umbali) kabisa, kagawa tu. Hayo ni makosa mawili yenye tiba mbili tofauti, nawe umeyaona kwa sekunde kumi. Hiyo ndiyo faida ya mbao.

Mkufunzi mpya huanguka kwa kuhutubia. Anaogopa hawakusoma, anaeleza upya sura nzima, dakika zinakwisha bila chaki kuguswa. Wiki ya pili kadeti wameshajua kwamba kusoma si lazima. Hotuba iishie dakika 10, na maswali ya ubaoni uyatatue yote mwenyewe jana yake, kwa mkono, pamoja na njia mbili za kukosea.

Mtaala na mitihani huitungi peke yako. Kozi ya msingi ina mkurugenzi wake, na sekisheni zote zinafanya mitihani ileile: ile iitwayo WPR katikati ya muhula na TEE mwishoni. Nje ya kipindi kuna AI (mafunzo ya ziada, si akili unde), masaa ya kumsaidia kadeti mmojammoja. Huko ndiko muda wako utakakokwenda, uupangie. Wapya hupewa mafunzo kiangazi, wanafundisha masomo ya majaribio huku wenzao wakiwakosoa. Fika mapema, usije na makontena Agosti.

Lafudhi si tatizo. Angalia namba tu: kumi na tatu na thelathini za Kiingereza hufanana masikioni kwa lafudhi yoyote. Itamke huku unaiandika.

Daraja_la_Nyali

Shukrani sana wakuu. Na ile ya TAC, ofisa msimamizi wa kombania ya makadeti? Nasikia ni fupi zaidi.

Chaki_Nyeupe

Ni fupi, lakini ni kazi nyingine. Unasoma uzamili wa mwaka 1, saikolojia ya uongozi na taasisi, kisha miaka 2 unasimamia mojawapo ya kombania 36 za makadeti: nidhamu, vyumba, malezi. Ukitaka boriti, hiyo siyo.

Barua yako ya kwanza kwa idara iwe na aya tatu tu: wewe nani na mwaka wako wa kundi, unamaliza ukamanda mwezi gani, unataka kufundisha nini na mwaka upi. Ambatanisha STP (muhtasari wa rekodi yako ya utumishi), OER zote na nakala ya alama za kila chuo ulichokanyaga, hata kile ulichosoma muhula mmoja ukaacha. Alama zinazokosekana ndizo zinazorudisha faili nyuma, na kuzifuatilia ukiwa na kombania mkononi ni kazi.