Tuisheni ya Kifaransa "cha Kanada" hapa Tanga: tunaandaliwa mtihani ambao Kanada haiutaki

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kuna kituo Ngamiani, jina naliweka kiporo kwa sasa, kimebandika matangazo kila nguzo: soma Kifaransa, uende Kanada, ukafanye kazi kwenye mji wa lugha mbili. Tukalipa ada. Jioni zote kwenye joto lile, feni bovu, tunaandaliwa DELF B2, mtihani wa Kifaransa wa serikali ya Ufaransa. Mwalimu anasema hicho cheti ndiyo tiketi yenu.

Uongo mtupu. Anayeomba ukaazi kupitia Express Entry, yaani mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, mitihani ya Kifaransa inayopokelewa ni miwili tu: TEF Canada na TCF Canada. DELF ni cheti kizuri, hakiishi muda, lakini kwenye pointi za Kanada hakikupi hata moja. Halafu majibu ya hiyo mingine yanadumu miaka 2 tu. Ukikurupuka kufanya kabla makaratasi yako hayajakaa sawa, yanakufia mkononi. Nani alituambia?

Kinachonichoma zaidi ni Montreal. Ukuta mzima picha za Montreal! Ni hivi: tangu 2023 Kanada ina mchujo wa peke yake kwa wanaojua Kifaransa, unatakiwa ufike daraja la 7 la NCLC, kipimo cha Kanada cha uwezo wa Kifaransa, kwenye kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, yote manne. Ila njia hiyo ni ya watakaoishi nje ya jimbo la Quebec. Montreal iko Quebec, na Quebec inachagua wahamiaji wake yenyewe. Huo mji wa lugha mbili wanaotuimbia, wenye ofisi za serikali kuu zinazotafuta watu wa Kiingereza na Kifaransa, ni Ottawa, uko jimbo la Ontario. Nilipomuuliza mwalimu, kanijibu, "Dada, kote si Kanada tu?" Yaani mtu kakata tiketi ya Pangani, unamshusha Lushoto, unamwambia kote ni mkoa wa Tanga!

Kusikiliza wala hatujagusa. Ni "je suis, tu es" ubaoni mpaka tunasinzia.

Nimedai ada, naambiwa fomu inasema hairudishwi. Fomu hiyohiyo imeandikwa "maandalizi ya uhamiaji Kanada", na nakala ninayo. Mliosoma pale awamu zilizopita njooni PM, twende kwa afisa biashara wa jiji tukiwa wengi. Matangazo bado yapo, na sasa wameongeza Kijerumani.