Alikiri kosa la uzururaji ili aachiwe haraka: je, bado anaweza kukata rufaa?

Dada wa Buguruni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba mwongozo wa kisheria kuhusu mdogo wangu mwenye umri wa miaka 22, ambaye huuza samaki wa kukaanga hapa mtaani kwetu. Wiki mbili zilizopita alitoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kununua samaki Feri, akiwa na ndoo tupu na shilingi 40,000 alizozifunga kwenye leso, kama anavyofanya karibu kila siku. Kabla hajafika kituo cha daladala alikutana na askari waliokuwa kwenye msako, wakamwuliza anakotoka na anakokwenda, na ingawa aliwaonyesha ndoo, walimpandisha kwenye gari pamoja na vijana wengine. Ilikuwa Ijumaa. Alilala mahabusu hadi Jumatatu, alipofikishwa mahakama ya mwanzo na kusomewa shtaka la uzururaji, kwamba alikutwa usiku akiwa hana kazi wala njia ya kujipatia riziki.

Huko mahabusu vijana walikuwa wameambiana kwamba anayekana shtaka hurudishwa rumande kusubiri mashahidi, na anayekubali hulipa faini akaenda zake. Naye akakubali. Faini niliilipa mimi, stakabadhi ninayo, na siku ile nilimshukuru Mungu nikaona yamekwisha. Sasa ameomba kazi ya ulinzi inayodai cheti cha polisi cha tabia njema, na ndipo nilipotambua kwamba mdogo wangu ametiwa hatiani kwa kosa ambalo hakulitenda. Je, mtu aliyekiri kwa kinywa chake mwenyewe anaweza kukata rufaa, au mlango umekwisha kufungwa?

Karani Mstaafu alijibu:

Pole sana, mwanangu. Nimetunza majalada ya mahakama za mwanzo kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni hili: mdogo wako alisema maneno gani?

Neno "alikubali" ni letu sisi tulio nje. Ndani ya jalada, jibu la mshtakiwa hutakiwa kuandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, na nimesoma majibu ya kila namna: "Ni kweli", "Ni kweli nilikamatwa", "Ni kweli nilikuwapo pale ila nilikuwa naenda kazini". Mtu mwenye haraka atayapokea yote matatu kuwa ni kukiri, lakini jibu la tatu ni la kukana kabisa, na la pili halisemi lolote kuhusu kosa. Kukubali kwamba ulikamatwa barabarani saa kumi alfajiri si kukubali kwamba huna njia ya riziki.

Nenda masijala ya mahakama hiyo na barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri na ya hukumu, na utaje namba ya shauri. Kama huikumbuki, chukua stakabadhi ya faini ili wakutafutie. Usikawie, kwa sababu rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ina siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, nanyi mmekwisha kutumia karibu nusu yake.

Wakili wa Pembezoni alijibu:

Shikamoo mzee, na ninakuunga mkono. Dada, jibu la swali lako ni kwamba mlango umerudishwa lakini haukufungwa kwa komeo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu hairuhusu rufaa kwa mtu aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya mwanzo, isipokuwa rufaa dhidi ya adhabu, na makatazo ya namna hiyo yapo pia kwa mahakama za wilaya na za hakimu mkazi. Hata hivyo, tangu shauri la Lawrence Mpinga dhidi ya Jamhuri, lililoripotiwa mwaka 1983, mahakama zetu zimekuwa zikikubali kwamba aliyekiri anaweza kusikilizwa dhidi ya kutiwa hatiani kwenyewe katika hali nne: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, mshtakiwa alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa, shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au mambo aliyoyakubali hayawezi kumtia mtu hatiani kwa kosa lile hata yakichukuliwa yote kuwa kweli.

Hali ya kwanza na ya nne ndizo ninazoziona kwa mdogo wako. Utaratibu unaofuatwa hadi leo ulielezwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri: shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe, kisha maelezo ya tukio yasomwe naye aulizwe kama anayakubali au ana la kubadilisha, na akisema jambo linalopingana na kosa, iandikwe kwamba amekana. Hatua hiyo ya maelezo ndiyo inayorukwa mara nyingi katika makosa madogo, vijana kumi wanapopangwa mstari mmoja na kila mmoja kupewa dakika mbili. Ninalisema kwa uchungu, kwa sababu nimelishuhudia.

Kuhusu kosa lenyewe, uzururaji umo katika vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, kwa namba tulizozizoea. Kanuni hiyo tuliirithi kwa wakoloni, ambao waliitunga mwaka 1930, na mizizi ya vifungu hivyo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya maskini wasio na makazi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hii zinakiuka Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake. Maoni ya ushauri si hukumu, kwa hiyo hayafuti kifungu chetu, lakini hakuna kinachokuzuia kuyataja katika sababu za rufaa. Mfano ulio karibu zaidi na mdogo wako ni wa Malawi, ambako Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hii mwaka 2017, katika shauri la mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kwenye biashara yake.

Mkazi wa Temeke alijibu:

Ninaheshimu maelezo ya wakili, lakini tusiwalaumu vijana hawa. Asiye na mdhamini, akikana, anaweza kukaa rumande muda mrefu kuliko kifungo chenyewe. Kwake kukiri ni hesabu ya mtu maskini, na ni hesabu sahihi.

Afisa wa Huduma kwa Jamii alijibu:

Kaka, hesabu hiyo ninaielewa, ila inaacha nje mambo mawili. La kwanza ni dhamana: kwa kosa dogo kama hili kijana alistahili kuombewa dhamana tangu kituoni, na dhamana ya polisi haina malipo. Ndugu wengi hufika na fedha mkononi wakati kinachohitajika ni mtu anayefahamika makazi yake, na barua ya serikali ya mtaa husaidia sana.

La pili ni kwamba hata kwa aliyetenda kosa kweli, chaguo si faini au gereza tu. Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kumwachia mkosaji kwa masharti, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kisichozidi miaka mitatu kitumikiwe nje, kwa kazi isiyo na malipo, mkosaji akiridhia. Watu wanakiita kifungo cha nje. Nimesimamia kijana aliyefyeka nyasi na kufagia uwanja wa zahanati kila asubuhi, kisha mchana akaenda kushona viatu vyake kama kawaida, na watoto wake hawakukosa chakula. Lakini bado ni adhabu ya mtu aliyetiwa hatiani, kwa hiyo kwa asiye na kosa haiwi dawa. Dada, wewe fuata rufaa.

Dada wa Buguruni aliandika tena:

Ninawashukuru wote, na shikamoo mzee Karani. Nakala nimeipata leo baada ya kwenda masijala mara tatu. Jibu la mdogo wangu limeandikwa hivi: "Ni kweli nilikamatwa na ndoo yangu." Mstari unaofuata ni wa kutiwa hatiani, na baada yake faini. Maelezo ya tukio hayamo kabisa. Wakili mmoja wa msaada wa kisheria ameahidi kuandaa sababu za rufaa bila malipo, na kesho asubuhi, ikiwa ni siku ya 19, tutakwenda kuziwasilisha. Mdogo wangu atatokea moja kwa moja Feri, kwa hiyo nimemwambia aje na ndoo yake.