Mama anaishiwa damu, kamera hazikuona kitu, picha ya CT imeonyesha uvimbe kwenye utumbo mdogo

BintiWaPasua: Shikamooni wakubwa. Niko Moshi. Mama yangu, miaka 61, anaongezewa damu, baada ya muda inashuka tena. Katibiwa vidonda vya tumbo mpaka tumechoka. Kamera ya mdomoni safi, ya njia ya haja kubwa safi. Sasa CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 6 kwenye utumbo mdogo, daktari anahisi ni GIST, aina ya saratani inayoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, na anataka kumpasua. Wajomba wamekataa, wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Nifanyeje?

KakaNjiro: Pole sana mdogo wangu. Kamera ya juu inaishia mwanzo wa utumbo mdogo, ya chini inafika mwisho wake tu. Hapo kati kuna mita kadhaa hazionwi.

MamaLulu_Arusha: Pole mwanangu. Mume wangu alikuwa na huohuo. Choo cheusi tii, kinanata, kina harufu kali, tukaambiwa ni vidonge vya kuongeza damu. Vidonge kweli vinafanya choo kiwe cheusi, ila havimalizi damu mwilini!

Waambie wajomba hivi, kwa heshima: cha kuogopa ni uvimbe kupasuka ndani ya tumbo. GIST ni laini, ndiyo maana daktari mzuri anautoa mzima na kipande cha utumbo huku na huku, kisha anaunga. Usipotolewa, utaendelea kuvuja damu, na unaweza kwenda kwenye ini.

Baada ya hapo kuna dawa ya vidonge inaitwa imatinibu. Iliidhinishwa kwa GIST huko Marekani mwaka 2002, na wenye hatari kubwa ya uvimbe kurudi humeza miligramu 400 kila siku kwa miaka 3. Wangu alikuwa anaamka kope zimevimba, macho hayafunguki vizuri. Ameze akishakula, kwa glasi kubwa ya maji. Balungi aache kabisa, na dawa za mitishamba asichanganye bila kumwambia daktari. Hapo uwe mkali, maana ndugu wataleta chupa.

FundiMaabara: Niongezee. Nyama ya uvimbe ikitolewa, uliza kama itapimwa CD117, protini inayopatikana kwenye seli za GIST nyingi. Kwa macho tu GIST inafanana na uvimbe mwingine, na imatinibu haitibu kila uvimbe. Majibu yaonyeshe pia ukubwa na kasi ya seli kugawanyika, ni kati ya vinavyoamua kama atahitaji dawa. Ile nyama inahifadhiwa kwenye nta, mkihamia hospitali nyingine iombeni muende nayo.

BintiWaPasua: Asanteni mno. Mama mwenyewe amesema yuko tayari. Kuhusu gharama za hiyo dawa, kuna anayejua pa kuanzia?

MamaLulu_Arusha: Anzia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali, kabla ya upasuaji.