Mafundi, acheni kushusha giaboksi kabla hamjapima kompyuta ya injini!

Wadau, nina hasira na sitajaribu kuificha. Nimeshushiwa giaboksi iliyokuwa nzima, nikafungiwa nyingine ya mtumba, na gari likaendelea na ugonjwa uleule, kwa sababu ugonjwa haukuwahi kuwa kwenye giaboksi. Ulikuwa kwenye kompyuta ya injini. Ungeonekana kwa multimita ya kawaida, yaani kipimo cha umeme, na multimita ilikuwepo pale gereji, imening'inia ukutani. Hakuna aliyeinua mkono kuichukua.

Dalili zilikuwa hizi. Gari likiwa baridi linabadilisha gia vizuri, huhisi chochote. Injini ikishapata moto, hasa mkikwama kwenye foleni, gia inaingia kwa kishindo mpaka aliyekaa nyuma anauliza kimegonga nini. Ukiendelea, taa ya injini inawaka, gari linang'ang'ania gia ya juu, na kuondoka kwenye kilima inakuwa kazi kwelikweli. Ukilizima likapoa, ukawasha tena, linakwenda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Najua atatokea mtu aseme sili zilizochoka ndani ya giaboksi nazo husumbua oili ikipata moto. Ni kweli. Lakini hizo huifanya gia iteleze: injini inapanda mzunguko, inapiga kelele, gari haliendi. Langu halikuteleza hata siku moja. Lilikuwa linagonga. Oili ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua, na fundi mwenyewe aliichomoa stiki akaiona. Alichokiona hakikumzuia kusema alichosema.

Alichomeka skana, kile chombo cha kusomea hitilafu, akasoma misimbo ya P0700 na P0758, akaichomoa, akaniambia: "Bosi, giaboksi imekwisha hii, tutafute nyingine." Basi, vipimo vikaishia hapo.

Jamani, P0700 haisemi giaboksi imekufa. Inasema mfumo unaoiongoza giaboksi una hitilafu, kasome misimbo mingine ujue ni nini. Na P0758 inasema hitilafu ya umeme kwenye saketi ya solenoidi B ya kubadilisha gia, yaani vali ndogo ya oili inayoendeshwa kwa umeme. Ya umeme! Kwenye saketi hiyo kuna solenoidi yenyewe, kuna waya na plagi zake, na kuna kompyuta inayoipelekea umeme. Kati ya hivyo vyote, kilicho ndani ya giaboksi ni solenoidi na kipande cha waya wake tu, na kwenye giaboksi nyingi unaifikia kwa kufungua sampo ya chini, lile bakuli la oili, bila kushusha giaboksi. Sasa huyu aliyesoma neno umeme akaenda kuleta winchi na jeki ya giaboksi alikuwa anafikiria nini?

Niieleze kazi yenyewe kidogo, kwa sababu wateja wengi tunadanganywa kwa kutoijua. Kwenye magari mengi ya otomatiki, kompyuta inayoongoza injini ndiyo hiyohiyo inayoongoza giaboksi, zote ziko kwenye boksi moja. Inasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, injini inazunguka kwa kasi gani, gari linakwenda kasi gani, maji yana joto kiasi gani, kisha inaamua gia. Ikishaamua inawasha au kuzima solenoidi, na solenoidi inafungua au kufunga njia ya oili. Giaboksi nyingi za zamani za gia 4 zina solenoidi 2 tu za kubadilisha gia: zote zimewaka, zote zimezima, hii imewaka ile imezima, ile imewaka hii imezima. Mipangilio 4, gia 4. Kuna nyingine ya kurekebisha presha ya oili, ambayo kompyuta inaipa umeme kwa mapigo ya harakaharaka ili gia iingie kwa ulaini.

Sasa kompyuta ikishindwa kuiwasha solenoidi moja, mpangilio unavurugika. Ikitambua kuna hitilafu inaingia hali ya kujikinga, na kwa kawaida presha ya oili inapandishwa hadi juu ili klachi zisiteleze zikaungua. Kishindo kinatoka hapo. Giaboksi inafanya ilivyoagizwa. Ukiibadilisha ukaweka nyingine, hiyo nyingine nayo itaagizwa hivyohivyo na itagonga hivyohivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu: giaboksi ya mtumba ilifungwa, gari likatoka barabarani, likapata moto, kishindo kilekile, msimbo uleule wa P0758. Na fundi, badala ya kusimama akajiuliza, akasema hii tuliyopata nayo ni mbovu, tutafute nyingine tena. Hapo nikaondoa gari.

Wala jambo hili si geni kiasi cha mtu kujitetea kwamba hajawahi kulisikia. Toyota RAV4 za 2001 hadi 2003 zenye giaboksi ya otomatiki zinajulikana kwa kisa hikihiki: kompyuta ya injini inaharibika, gia zinaingia kwa kishindo, na ukiendelea kuendesha hivyo giaboksi nayo inaumia. Huko Marekani Toyota iliongeza dhamana ya kompyuta hiyo mpaka miaka 10 au maili 150,000. Gari langu si la aina hiyo, lakini dalili ni zilezile na njia ya kupima ni ileile. Mtu anayejiita fundi wa giaboksi za otomatiki halafu hajui kwamba kompyuta inaweza kuifanya giaboksi nzima ionekane mbovu, anawatoza watu kwa kubahatisha.

Aliyegundua ugonjwa ni dada mmoja fundi umeme, na nataka mwone alivyofanya kwa sababu hakutumia chombo chochote cha ajabu. Alichomoa plagi ya giaboksi, akapima ukinzani wa solenoidi B: omu 13. Akasema kwa solenoidi ya kuwasha na kuzima ya aina hii, omu 11 hadi 15 ni salama. Akapima gari likiwa baridi, akapima tena lilipopata moto, ikabaki salama. Akarudishia plagi, akaenda kwenye kompyuta, akachomeka ncha ya multimita nyuma ya pini inayolisha solenoidi ile. Kwenye baridi, gia ikitakiwa, volti 12 na kitu zinatokea. Kisha akachukua mashine ya kukaushia nywele, akaipulizia kompyuta hewa ya moto pale ilipofungwa. Baada ya muda si mrefu zile volti zikapotea. Akaiacha ipoe, zikarudi. Akairudia mbele yangu nione kwa macho yangu.

Tulipofungua kifuniko akanipa lenzi. Kuna transista, swichi ndogo ya kielektroniki, inayotoa umeme wa solenoidi hiyo. Pembeni yake bodi ya kompyuta ilikuwa imebadilika rangi, ya kahawia, na kwenye mguu mmoja wa transista risasi ya kulehemu ilikuwa na ufa mwembamba uliouzunguka mguu wote. Ikipata moto inatanuka, mguu unaachia. Ikipoa unagusa tena. Nilimwangalia yule dada nikakosa neno. Giaboksi yangu ilikuwa imeshaondoka.

Mngedhani kisa kimeishia hapo. Hapana, kwa sababu yeye hafanyi kazi za ndani ya bodi, akanielekeza kwa watu wanaojitangaza kwamba wanatengeneza kompyuta za magari. Na hapa ndipo hasira yangu ilipozidi, maana hawa siwezi kuwasamehe kwa kutojua. Hawa wanajua.

Waliomba gari lote liende kwao ili "waiprogramu ikiwa kwenye gari". Sawa. Wakabadilisha transista, wakachoma risasi upya, wakanipa gari, likaenda vizuri kabisa kwa muda mfupi, kisha likafa palepale. Transista imeungua tena, safari hii moja kwa moja, baridi na moto. Swali ambalo hawakujiuliza ni hili: kwa nini ile ya kwanza ilipata joto mpaka bodi ikageuka rangi? Transista haijiunguzi. Mara nyingi inaunguzwa na umeme mwingi kupita kiasi, na umeme mwingi kwa kawaida unatokana na solenoidi iliyoshoti au waya unaogusa chuma cha gari. Gari walikuwa nalo uani kwao. Kufuata waya ule kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye giaboksi ni kazi ya kuinama na kuangalia. Aliyeinama ni yule yule dada, baadaye: fungu la nyaya lilikuwa limetoka kwenye kishikizo chake, ganda la waya mmoja limesuguliwa na chuma mpaka shaba inaonekana, na injini ikijipinda unapokanyaga mafuta, shaba inagusa. Waya huo ndio wa solenoidi B.

Niliwarudia. Wakaichukua kompyuta, wakanirudishia, gari likakataa kuwaka. Taa ya funguo inapepesa. Nikawaambia wafungue mbele yangu, nikatoa picha niliyokuwa nimeipiga siku ile ya lenzi. Namba iliyochapishwa kwenye bodi haikuwa ileile. Ganda ni langu, lebo ya nje ni yangu, bodi ya ndani ni ya gari jingine. Ndiyo maana funguo ilikataliwa: taarifa za funguo na za gari zimo kwenye kichipu kidogo cha kumbukumbu, mara nyingi cha miguu 8, na ukileta bodi ya gari jingine bila kuhamisha kichipu hicho au kunakili data yake, gari halikutambui. Nilipopandisha sauti ndipo bodi yangu ikatokea kwenye droo. Kwenye droo! Walikuwa wanaiweka kwa ajili ya nani?

Sasa nasema wazi ninachotaka kwa mtu yeyote anayegusa kompyuta ya gari la mtu. Kabla hujaandika chochote, nakili programu na kumbukumbu iliyomo na umpe mwenye gari nakala yake, ni mali yake. Piga picha bodi pamoja na namba zake. Ukikuta kifaa kimeungua, usikibadilishe mpaka umepima kinachoendeshwa na kifaa hicho na waya wake wote. Pima na athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, maana athi mbovu inaleta maajabu mengi kwenye kompyuta: ncha moja kwenye waya wa athi wa kompyuta, nyingine kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inawaka, ukiona zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, anzia hapo. Angalia kama kuna maji. Kompyuta nyingi zimefungwa chini ya dashibodi au chini ya zulia, na kioo cha mbele kinachovuja kinaziozesha taratibu pini zake. Nyingi za miaka ya 1990 zina kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, zinazovuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Hizo hata pua inazitambua ukifungua kifuniko. Na ukishamaliza, ifundishe kompyuta upya kuingiza gia, kwa sababu vipimo ilivyojifunza vimefutika na gari litashtuka siku za mwanzo hata kama kila kitu ni kizima. Wengi hawamwambii mteja hilo, mteja anarudi akilia, wanamuuzia kitu kingine.

Kwa mafundi wa giaboksi nina dai moja tu. Ukiniambia giaboksi imekufa, nionyeshe. Niandikie omu za solenoidi, volti zinazofika kwenye plagi, presha ya oili kwa geji, na chuma kilichokutwa kwenye sampo. Kama huna hata kimoja, basi hujapima, na hujapata haki ya kushusha kitu.

Gari langu sasa linakwenda. Waya umefunikwa na kufungwa mbali na chuma, bodi yangu imewekewa transista mpya na mtu mwingine kabisa, gia zinaingia kwa ulaini. Ila linatembea na giaboksi ya mtumba ambayo sijui ilikotoka wala ilitunzwaje, wakati yangu, ambayo historia yake yote naijua na oili yake nilikuwa nabadilisha kwa wakati, ilibaki gereji. Nilipoifuata nikaambiwa ilikwenda na vyuma chakavu. Giaboksi nzima haitupwi kwenye vyuma chakavu, na anayeniambia hivyo anajua kwamba siamini.

Nimeshawaandikia gereji hiyo kudai irudi au ilipwe, nimeambatanisha vipimo vya yule dada, picha za bodi na msimbo uliojirudia baada ya giaboksi kubadilishwa. Huo wa mwisho ndio ushahidi wangu mkubwa: giaboksi tofauti, msimbo uleule. Hawajajibu. Kama kuna mtu humu amewahi kudai sehemu yake iliyotolewa kwenye gari bila sababu na akafanikiwa, aandike alibanaje, aliwasilisha karatasi gani, na kama ilisaidia kumpeleka fundi mwingine akaandike ripoti. Na kama gari lako linagonga gia likipata moto na umeshaambiwa ununue giaboksi, usilipe kitu leo. Weka msimbo uliosomwa hapa chini na aina ya giaboksi, tuanze na vipimo.