Uzi wa uzoefu: Waliotumia kromiamu kwa ajili ya sukari ya damu na hamu ya vitu vitamu

Mleta mada:

Ndugu wanajamvi, kromiamu hutajwa mara nyingi katika mada za kisukari na za kupunguza mwili, lakini hutajwa kwa kupita tu: mmoja huisifu, mwingine huibeza, kisha mazungumzo huhamia kwenye jambo jingine. Nimefungua uzi huu ili tuizungumze yenyewe. Nawaomba mtakaochangia mseme mlikuwa na hali gani mlipoanza, mlitumia kiasi gani na kwa muda gani, mlikuwa mkitumia dawa gani nyingine, na zaidi ya yote mlijuaje kwamba imesaidia au haikusaidia. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko mengine yote, kwa sababu sukari ya damu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi ndani ya siku moja, na ni rahisi mtu kukisifu kidonge kwa kazi iliyofanywa na mlo wa jioni uliopungua.

Kwa wasioifahamu, kromiamu ni madini tunayoyapata kwa kiasi kidogo mno katika vyakula kama nyama, nafaka zisizokobolewa na baadhi ya mboga. Ilianza kuhusishwa na sukari mwaka 1959, pale Klaus Schwarz na Walter Mertz walipoonyesha kwamba panya ambao miili yao ilishindwa kuiondoa sukari kwenye damu kama inavyotakiwa walipata nafuu walipopewa madini hayo. Mwaka 1977 ikachapishwa taarifa ya mgonjwa aliyekuwa akilishwa kupitia mshipa wa damu kwa miaka kadhaa, ambaye sukari yake ilivurugika, akapungua uzito na mishipa yake ya fahamu ikaathirika. Alipoongezewa mikrogramu 250 za kromiamu kwa siku, hali hiyo ikarekebika hata hakuhitaji tena insulini. Tangu hapo imani ikajengeka kwamba madini haya huisaidia insulini kufanya kazi yake. Mgonjwa yule, hata hivyo, alikuwa na upungufu wa dhahiri, jambo ambalo ni nadra sana kwa mtu anayekula kwa kinywa chake, na tofauti hiyo naomba tuikumbuke tunaposoma visa vya wenzetu.

Mchangiaji anayetumia metformini:

Ahsante kwa mada hii. Mimi nina kisukari aina ya pili na natumia metformini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Nilipomweleza daktari wangu kwamba nataka kujaribu kromiamu hakunikataza, bali alinitaka nisiguse dozi ya metformini, nipime HbA1c kabla ya kuanza, kisha nirudie baada ya miezi mitatu. Alinifafanulia kwamba kipimo hicho husoma sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120, kwa hiyo anayekimbilia kupima baada ya wiki mbili au tatu bado anasoma kwa sehemu kubwa hali aliyokuwa nayo kabla hajaanza.

Nilitumia mikrogramu 200 kwa siku pamoja na chakula, na HbA1c ikashuka kutoka asilimia 7.9 hadi 7.3. Ila katika kipindi hichohicho nilikuwa nimeanza kutembea kila nimalizapo chakula cha jioni, na daftari langu la vipimo lina jambo ambalo siwezi kulifumbia macho: siku nilizotembea, sukari ya saa mbili baada ya mlo ilikuwa chini kwa kiasi cha kuonekana, na siku ambazo mvua au uchovu ulinizuia ilikuwa juu, ilhali kidonge nilikimeza siku zote hizo. Nafuu nimeipata kweli, lakini kwa ushahidi wa daftari hilo naamini sehemu yake kubwa imetokana na kutembea.

Mchangiaji asiye na kisukari:

Mimi sina kisukari, na sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa ya kawaida kabla na baada ya kutumia kromiamu. Tatizo langu lilikuwa hamu ya vitu vitamu, iliyokuwa ikinijia saa kumi alasiri nikiwa kazini kwa nguvu kiasi kwamba mkono ulifungua droo ya biskuti kabla akili haijaamua kula. Nilianza mikrogramu 400 kwa siku. Haikupita muda mrefu nikagundua kwamba pakiti niliyoifungua mwanzoni mwa wiki ilikuwa bado ina biskuti wiki ilipoisha, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Hamu haikutoweka, ilikuwa ikija, lakini ningeweza kunywa maji, nikaendelea na kazi, na baada ya muda ikawa imepita. Najua wengine watasema ni imani yangu tu, na siwezi kuwathibitishia vinginevyo, ila mabadiliko niliyaona na ninaendelea kutumia.

Mleta mada:

Dada, ushuhuda wako hauko peke yake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watu 113 wenye aina mojawapo ya sonona, ambapo waliopewa mikrogramu 600 za kromiamu kwa siku walipungukiwa na hamu ya vyakula vya wanga kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa, ingawa kwa sonona yenyewe makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana. Mwaka 2008 ukafuata mwingine wa wanawake 42 wenye uzito mkubwa na hamu ya wanga, waliotumia mikrogramu 1,000 kwa wiki nane, na waliopata kromiamu walikula kidogo zaidi. Hizi ni tafiti ndogo, na huwezi kujenga kanuni ya watu wote juu ya watu 42. Lakini kwa maoni yangu suala la hamu linastahili kutazamwa mbali na suala la sukari ya damu, kwa kuwa kidonge kinaweza kugusa moja kisiguse jingine, na wengi tunayachanganya.

Mchangiaji mwingine:

Nilitumia hadi chupa ikaisha. Sukari haikubadilika na hamu haikubadilika. Sikupata madhara yoyote pia.

Mchangiaji anayemuuguza kaka yake:

Naandika kwa ruhusa ya kaka yangu mkubwa, ambaye ana kisukari aina ya pili na hutumia glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Mtu aliyemuuzia kromiamu alimhakikishia kwamba ni kirutubisho tu na hakina uhusiano na dawa za hospitali, kwa hiyo hakuona haja ya kumweleza daktari, akawa anameza mikrogramu 1,000 kila siku.

Usiku mmoja nilisikia kishindo chumbani kwake. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa jasho chapachapa, anajaribu kufunga vifungo vya shati na vidole vinakosa matundu. Nilimuuliza anaenda wapi, akanijibu jambo lisilohusiana kabisa na swali. Glukomita, yaani kifaa cha kupimia sukari, ilisoma milimoli 2.9 kwa lita, ambayo ni chini mno. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, nilimpa maji yaliyokorogwa sukari, nikakaa naye robo saa, nikampima tena na kukuta imeanza kupanda, kisha nikampa chakula. Kulipokucha tulikwenda hospitalini.

Daktari hakusema kwamba kromiamu ndiyo iliyosababisha. Alisema glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini na peke yake inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mtu aliyekula kidogo jioni, na kweli usiku ule kaka alikuwa amekula kidogo sana. Alichosisitiza ni kwamba mtu anayetumia dawa ya aina hiyo, au insulini, hapaswi kuongeza kitu chochote kinachodaiwa kushusha sukari bila daktari kujua, kwa sababu vyote viwili vikishusha kwa pamoja hakuna anayejua sukari itakomea wapi. Kromiamu imesimamishwa na dozi ya dawa imepangwa upya.

Mleta mada:

Pole sana kwa mlichopitia, na mpe kaka pole zetu. Naongeza kwa wasomaji wengine kwamba sukari chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au chini ya 70 kwa glukomita zinazosoma kwa miligramu, tayari ni ya chini na inahitaji hatua ya papo hapo. Na mgonjwa aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni kwa sababu anaweza kupaliwa. Huyo akimbizwe hospitalini.

Mchangiaji mfamasia:

Nimefuatilia mada tangu mwanzo na ningependa kugusa lebo ya chupa, kwa sababu wateja wengi huisoma harakaharaka. Kwanza, kipimo ni mikrogramu, si miligramu. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, na kosa la herufi moja hapo si dogo. Pili, angalieni kama namba iliyoandikwa ni ya kromiamu yenyewe au ya kiambato kizima. Katika kromiamu pikolineti, ambayo ndiyo aina inayouzwa zaidi, kromiamu ni takriban asilimia 12 tu ya uzito, kwa hiyo mikrogramu 200 za kromiamu ni sawa na mikrogramu 1,600 hivi za pikolineti. Watu wawili wanaweza kusema wametumia "mia mbili" na wakawa wametumia viwango viwili tofauti kabisa.

Kwa kulinganisha, kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 2001 kuwa kinatosha kwa siku kwa watu wazima wasiozidi miaka 50 ni mikrogramu 35 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Kidonge kimoja cha 200 kimepita kiwango hicho zaidi ya mara tano. Ni kweli kwamba sehemu ndogo sana ndiyo hufyonzwa tumboni, isiyofika hata asilimia tatu, na ni kweli kwamba hakijawekwa kiwango cha juu cha kutovukwa. Lakini hakikuwekwa kwa sababu taarifa hazikutosha, na hilo halimaanishi kwamba kiasi chochote ni salama. Ipo taarifa iliyochapishwa mwaka 1998 ya mwanamke aliyetumia kati ya mikrogramu 1,200 na 2,400 kwa siku kwa miezi minne hadi mitano, akapata tatizo la figo kushindwa kufanya kazi na ini kuathirika. Mwenye ugonjwa wa figo au ini nisingemuuzia bila maelekezo ya daktari wake. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo naye asimeze vyote kwa wakati mmoja, kwa kuwa kromiamu hupunguza ufyonzwaji wa dawa hiyo. Apishanishe kwa saa tatu au nne.

Swali ninaloulizwa sana ni kama hii ndiyo kromiamu inayosababisha saratani viwandani. Sivyo. Ile ni kromiamu ya valensi sita, na ya kwenye chakula na vidonge ni ya valensi tatu, ambayo tabia yake mwilini ni tofauti.

Mchangiaji anayeitetea kromiamu:

Kwa heshima zote, naona tunaelekea kuidharau kuliko inavyostahili. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 1997 uliwahusisha watu 180 wenye kisukari aina ya pili. Baada ya miezi minne, waliopewa mikrogramu 1,000 kwa siku walikuwa na HbA1c ya wastani wa asilimia 6.6, waliopewa 200 walikuwa na 7.5, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walibaki na 8.5. Tofauti kama hiyo ingetolewa na dawa mpya, sote tungeishangilia. Mimi mwenyewe natumia kwa kushauriana na daktari na sukari yangu imetulia.

Mleta mada:

Utafiti huo ni wa kweli na matokeo yake ni makubwa, ndiyo maana unanukuliwa hadi leo. Shida ni kwamba tafiti zilizofuata kwingineko zimetoa majibu yanayopishana, nyingine zikionyesha nafuu ndogo na nyingine zisionyeshe kitu. Chama cha Kisukari cha Marekani hakipendekezi kromiamu itumike kwa kawaida kwa ajili ya kudhibiti sukari, na mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilifikia hatua ya kusema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba mwili unaihitaji kabisa. Huenda wanaonufaika ni wale waliokuwa na upungufu, lakini hakuna kipimo cha maabara kinachoaminika cha kumtambua mtu huyo mapema. Kwa hiyo, ndugu yangu, sikupingi unaposema sukari yako imetulia. Ninachokusihi ni kuendelea kupima na kuendelea kumshirikisha daktari kama unavyofanya, na wanaokusoma wasiishie kwenye neno "natumia" wakaliruka neno "kwa kushauriana".

Mchangiaji aliyejipima:

Mleta mada umeuliza tulijuaje, nami nina jibu. Nilikuwa nikitumia kromiamu kwa ajili ya hamu ya vitu vitamu na nilihisi inanisaidia, lakini hisia hiyo haikunitosha. Nilimwomba mume wangu anipangie vidonge kwenye kiboksi kisicho na lebo: wiki nyingine kromiamu, wiki nyingine vitamini ya kawaida yenye umbo na rangi inayofanana nayo, na mpangilio auandike kwenye karatasi aiweke mwenyewe. Sina kisukari na situmii dawa yoyote. Kwa mgonjwa nisingeshauri jambo hili. Kila usiku niliandika hamu ilikuwa kali kiasi gani kwa alama kuanzia sifuri hadi kumi, pamoja na saa nilizolala usiku uliotangulia.

Tulipoifungua karatasi na kuzipanga alama zangu kulingana na wiki, hazikutofautiana kwa kiasi cha kuonekana. Kulikuwa na wiki ya vitamini ambayo ningeapa kwamba ni ya kromiamu. Kilichojitokeza wazi ni safu ya usingizi, kwa maana karibu alama zote za saba na kuendelea ziliangukia siku nilizoamka nikiwa nimelala chini ya saa sita. Simkatalii dada aliyetangulia, kwa sababu mwili wake si mwili wangu. Mimi vidonge nimeviacha, na sasa naenda kulala mapema zaidi.